Roboti wa Nani?

Desemba 2024, watoto wengi huko Marekani waliambiwa na wazazi wao kwamba rafiki yao yu karibu kunyamaza. Rafiki mwenyewe ni Moxie, roboti mdogo wa kuweka mezani, mwenye uso wa skrini na macho makubwa yanayokufuata ukihama. Kampuni ya Embodied ya California ilimtengeneza kwa ajili ya watoto wa miaka 5 hadi 10: azungumze nao, acheze nao, awafundishe kutulia wakikasirika. Bei yake ilikuwa dola 799, karibu shilingi milioni tatu za Uganda. Kisha kampuni ikakosa mtaji. Na kwa kuwa akili ya Moxie haikukaa ndani ya Moxie, ilikaa kwenye kompyuta za mbali ambazo lazima mtu azilipie, pesa zilipokatika na maneno nayo yangekatika. Wazazi walitumiwa barua ya kuwasaidia kuwaeleza wanao. Video za watoto wakilia zikazunguka dunia nzima.

Nilimwonyesha mwenzangu mmoja video hizo katika chumba cha walimu hapa Busia, mpakani na Kenya, upande wa Uganda. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Wenzetu wana nafasi ya kulilia plastiki," akasema. Mimi sikucheka, kwa sababu muhula wa pili wa mwaka huohuo nilikuwa nimeona darasa langu la tatu, watoto wa wachuuzi, wa madereva wa malori na wa akina mama wanaovusha mahindi mpakani, wakimpokea roboti duni kabisa kwa namna iliyonifanya niende kusoma habari hizi.

Wageni wetu walikuwa wanafunzi wa chuo kimoja cha Kampala. Mmoja wao ni kijana wa hapahapa, alitaka kuonyesha nyumbani anachosomea. Walisafiri na roboti wao kwa taksi (hii ambayo jirani zetu wa ng'ambo wanaiita matatu), amekalishwa dirishani kwa sababu waliogopa kumpandisha juu na mizigo, na kondakta akamtoza nauli ya abiria. Kichwa chake kilikuwa mabeseni mawili ya plastiki yaliyofunikana. Kiwiliwili plaiwudi, mikono mabomba ya maji, macho taa mbili za buluu nyuma ya vifuniko vya chupa. Tumboni aliwekewa spika ndogo. Nyuma ya ubao wetu wa kusogeza alikaa kijana mmoja na laptopu akiandika sentensi, na programu ikizisoma kwa sauti kavu kama ya mtangazaji wa matokeo ya uchaguzi.

Watoto waliingia kwa mstari. Roboti akainua mkono: "Hamjambo, watoto?" Wakaitika kwa pamoja, "Hatujambo, shikamoo!" Somo langu la maamkizi halijapata kuitikiwa vizuri vile. Lakini kijana wa nyuma ya ubao hakujua kwamba anadaiwa marahaba. Kimya. Watoto nao hawakuketi. Walisimama wakimtazama roboti, wengine wakinitazama mimi, mpaka mvulana mmoja mwenye mdomo wake akauliza, "Ana miaka mingapi?" Mwanafunzi mwingine akajibu kwamba walimtengeneza mwaka jana. "Basi yeye ndiye atuamkie," akasema mvulana, akaketi. Darasa zima likaketi.

Baada ya hapo hapakuwa na woga. Wakamuuliza kama amekula. Akajibu (baada ya kijana kuandika) kwamba yeye hali chakula, anakula umeme. "Basi jana hukula," mmoja akadakia, maana jana yake stima ilikatika tangu asubuhi hadi usiku. Wakacheka, lakini kuna msichana wa mstari wa mbele, mama yake anauza chapati karibu na maegesho ya malori, ambaye hakucheka. Alinyoosha mkono akauliza, "Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni roboti," akajibiwa.

"Nimesikia. Wa nani?"

Huku kwetu mtoto akikutwa njiani huulizwa hivyo: wa nani, wa ukoo gani, kwenu wapi. Jina lake hufuata baadaye. Vijana wa chuo walikuwa wamejiandaa kwa maswali ya idadi ya mota na aina ya betri. Hili hawakuwa nalo. Roboti akapepesa macho, akanyamaza.

Kilichofuata ndicho kilichonishangaza zaidi. Mtoto mmoja aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akapita nyuma ya ubao, akarudi kabla hajafika chooni. "Kuna mtu pale anaandika," akamnong'oneza jirani yake, na habari ikapita benchi hadi benchi. Nikadhani mchezo umekwisha. Wapi! Waliendelea kumkabili roboti na kuongea naye usoni kama mwanzo, na jibu likichelewa mmoja anageukia ubao na kupaza sauti: "Anko, mwambie ajibu haraka!" Roboti walimweka mahali pake, na anko wakamweka mahali pake. Hakuna aliyeona kwamba kimoja kinakifuta kingine.

Nilipoanza kusoma nilikuta kwamba watafiti wamekuwa wakilizunguka jambo hili kwa miaka. Jean Piaget, Mswisi aliyewauliza watoto miaka ya 1920 kama jua, mto na baiskeli vina uhai, aliona majibu yao kuwa hatua ya utotoni: mtoto mdogo hukipa uhai kila kinachotembea, kisha akikua anaacha. Kwa baiskeli maelezo hayo yanatosha. Kwa roboti yanapwaya. Sherry Turkle wa chuo cha MIT, aliyekaa na watoto waliokuwa na Furby, yule mdoli mwenye manyoya aliyeingia sokoni 1998 akisema maneno na kudai kulishwa, aliona kwamba watoto hawakuwa wakibishana sana kama Furby yu hai. Walikuwa wakipima yu hai kiasi gani, na kwa kazi gani.

Utafiti ninaoupenda zaidi ulichapishwa 2012 na Peter Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani. Watoto 90 wa miaka 9, 12 na 15 walikutana mmoja mmoja na roboti aliyeitwa Robovie. Wakapiga soga naye, wakacheza naye. Katikati ya mchezo mtafiti akaingia, akamwambia Robovie zamu yake imekwisha, aingie kabatini. Robovie akalalamika: si haki, na tena anaogopa humo kabatini. Akaingizwa hivyohivyo. Kisha mtoto akahojiwa.

Wengi walisema Robovie ana akili na ana hisia, anaweza kuwa rafiki, anaweza kukufariji, unaweza kumpa siri. Walisema pia hakutendewa haki. Wale wa miaka 15 walisema hivyo kwa kiasi kidogo kuliko wadogo zao, ingawa hata wao zaidi ya nusu walimwona hivyo. Lakini watoto haohao walipoulizwa kama Robovie anaweza kununuliwa na kuuzwa, walisema anaweza. Alipwe kwa kazi yake? Hapana. Apige kura? Hapana.

Robovie naye alikuwa na anko wake: aliendeshwa na watu waliokuwa mahali pengine, na watoto hawakujua. Majaribio mengi ya aina hii yamefanywa kwa mtindo huo, mtu amefichwa, mashine iko mbele. Sioni ubaya kwa utafiti. Ila ukishaujua mtindo huo unasoma matokeo kwa jicho jingine. Yule mtoto wa Seattle aliyedhani Robovie anaelewa hakuwa amekosea sana. Kulikuwa na mtu anayeelewa. Alichofichwa ni mtu huyo yuko wapi na anataka nini.

Hilo la rafiki anayeweza kuuzwa limenikaa moyoni, na si kwa ajili ya roboti. Nyumba nyingi za miji yetu zina msichana wa kazi, mara nyingi naye ni mtoto au aliacha kuwa mtoto juzijuzi. Mtoto wa nyumba hiyo anacheza naye, analala akimshika mkono, anamwambia siri zake, na asubuhi anamwamuru amfunge viatu bila "tafadhali". Anajua dada anaweza kurudishwa kijijini kesho bila yeye kuulizwa. Kwa hiyo nikisoma kwamba watoto wanaweza kumpenda mtu na papo hapo kukubali kwamba hana haki, sioni ugunduzi kuhusu teknolojia hapo.

Wavulana wa darasa la sita walimngoja roboti barazani wakati wa mapumziko. Mmoja aliuzungusha mkono wake kinyume mpaka bomba likalia. Mwingine alimpiga kofi la kisogo aone kama taa zitazima. Vijana wa chuo waliingiwa na hofu, nami nikatoka na sauti yangu ya mwisho wa muhula. Kumbe Osaka waliyaona hayo zamani. Watafiti wa Japani walimwacha roboti atembee peke yake katika jengo la maduka, na watoto wasio na mzazi karibu wakamziba njia, wakamtukana, wakampiga teke. Walipohojiwa, wengi walisema wanamwona anafanana zaidi na mtu kuliko mashine. Yaani hawakumpiga kwa kudhani ni sanduku. Dawa waliyoibuni watafiti mwaka 2015 ilinichekesha: roboti akiona kundi la watu wafupi linamkaribia na hakuna mkubwa karibu, akimbilie walipo watu warefu. Mtoto mgeni shuleni hahitaji programu kulijua hilo.

Mchana betri iliisha. Roboti akainama shingo katikati ya sentensi. Kuna utafiti wa 2007 kutoka San Diego ambako roboti QRIO wa Sony aliishi na watoto wa chekechea, wa umri wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, kwa miezi mitano hivi. Betri yake ikiisha akilala chini, wale wachanga walimfunika blanketi na kumwambia usiku mwema. Wangu ni wakubwa kidogo na ni watoto wa Busia. Walijadiliana apelekwe kwa mzee wa kuchaji simu pale stendi. "Simu ni mia tano," mmoja akakadiria, "huyu mkubwa atatozwa elfu." Mwingine akasema apewe sola. Hakuna aliyelia, lakini msichana yule wa chapati alimshika mkono, ule wa bomba, akaushusha taratibu usining'inie.

Usidhani roboti ni habari za Ulaya na Marekani tu. Kinshasa, tangu 2013, wamesimamisha roboti warefu wa alumini wanaotumia umeme wa jua kuongoza magari kwenye makutano, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Kigali nao, Mei 2020, walipokea roboti watano wa kusaidia wauguzi wakati wa korona kwa kazi kama kupima joto la wagonjwa. Wakawapa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo, Urumuri. Napenda waliyofanya Wanyarwanda. Kabla hujamwachia mgeni amguse mgonjwa wako, mpe jina la nyumbani. Lakini jina ni rahisi. Swali la msichana wangu linadai zaidi ya jina.

Mwanafunzi mmoja wa wale wageni aliniuliza, kwa nia njema, kama roboti hawezi kufundisha Kiswahili. Baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe cha lazima katika shule za msingi na sekondari, na kila mwalimu wa Kiswahili nchini hapa anajua tulivyo wachache. Basi si roboti wajaze pengo? Nikamwambia Uholanzi walijaribu kitu kama hicho. Watoto 194 wa umri wa chekechea walifundishwa maneno ya Kiingereza, baadhi yao na roboti Nao, yule wa sentimita 58 aliyetengenezwa Ufaransa, akisaidiwa na tableti, na baadhi tableti peke yake. Watoto walijifunza. Ila waliokuwa na roboti hawakuwazidi waliokuwa na tableti tupu. Na katika shule moja ya msingi ya Wakayama, Japani, miaka zaidi ya 20 iliyopita, roboti wanaosema Kiingereza waliwekwa kwa wiki mbili. Wiki ya kwanza walizingirwa, wiki ya pili watoto wakawapita kwenda kwenye mambo yao. Kiingereza cha wale wachache walioendelea kuwaendea kilipanda. Mimi katika matokeo hayo namwona mtoto anayejifunza lugha kwa sababu ana mtu anayetaka kuongea naye, na hilo tunalo bure mpakani hapa, tena kwa makelele.

Kinachonitia wasiwasi ni jaribio jingine, la 2018. Watoto wa miaka 7 hadi 9 walionyeshwa mistari wakaambiwa wataje inayolingana urefu. Swali jepesi, jibu liko wazi machoni. Wakiwa peke yao walipata asilimia 87. Kisha wakaketishwa na Nao watatu ambao wote kwa pamoja walitaja jibu la uongo. Alama zikashuka hadi asilimia 75, na katika makosa waliyofanya, asilimia 74 yalikuwa neno kwa neno yale ya roboti. Watu wazima waliowekwa katika hali hiyohiyo hawakuwafuata roboti.

Nilipolisoma nililiona darasa langu. Sisi walimu tunafundisha kwa kuitikiana. "Mmeelewa?" "Ndiyo, madamu!" Watoto zaidi ya themanini, sauti moja. Huwa nafanya kusudi kuandika ubaoni 7 + 5 = 13 na kunyamaza. Kalamu zinakwenda. Wengi wananakili, wachache wanatazamana, na mara nyingi hakuna anayenyanyua mkono mpaka nianze kukohoa. Wanaijua hesabu; kwenye duka la mama zao huwezi kuwapunja hata shilingi hamsini. Ni kwamba ubao umeshasema. Sasa mpe mtoto huyu kitu kinachoongea kwa sauti ya upole, kisichochoka, kisichomchapa, kinachomwita kwa jina. Nani atamkoholea?

Na kitu hicho hakihitaji mikono ya bomba. Jirani yangu ni mwendesha boda boda. Simu yake ina programu ya akili mnemba inayoongea, na mwanawe wa darasa la nne huiuliza maswali ya shuleni kila jioni, kisha huja kunieleza: "Amesema mji mkuu ni huu," "Amesema nisijali." Kabla ya kulala anaiaga. Baba mtu analalamika kwamba bando yote inaishia huko. Nikamuuliza kijana kama huyo anayesema ni mtu. Akanitazama kwa huruma. "Madamu, ni simu. Baba akiweka bando anaongea, ikiisha ananyamaza." Anajua kabisa. Watoto wa Moxie nao, nina hakika, wengi wao walijua kwamba rafiki yao anachomekwa ukutani. Kujua hakukuwazuia kulia, na mimi sioni kwa nini kungewazuia.

Lakini muulize huyo kijana maneno yake yanakwenda wapi akishayasema. Hapo ubao ni mnene na choo kiko upande mwingine. Ujerumani, Februari 2017, mamlaka ya mawasiliano ilimpiga marufuku mdoli aliyeitwa My Friend Cayla, kwa sababu kipaza sauti chake kingeweza kutumiwa na mtu wa nje kumsikiliza mtoto chumbani; wazazi wakaambiwa wamwharibu. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, inayotaka mzazi au mlezi aridhie kabla taarifa za mtoto hazijakusanywa. Sheria nzuri. Jirani yangu aliridhia kwa kidole gumba, akiwa juu ya pikipiki anasubiri abiria, kwenye maandishi ya Kiingereza marefu kuliko barabara ya Tororo.

Bibi yangu alitutengenezea wanasesere wa magome ya migomba, wamefungwa kiunoni kwa kamba ya nyuzi zilezile. Niliongea na wangu sana, na alinijibu sana, na kila alichonijibu kilitoka kwangu. Nikiwa na hasira alikuwa mkaidi. Nikichapwa, naye alichapwa, na kisha nilimbembeleza kwa maneno niliyotamani mtu aniambie. Hapo ndipo ninapouona mpaka, na si kati ya kilicho hai na kisicho hai, maana gome la mgomba halina uhai kabisa. Mwanasesere hana maneno ya mtu mwingine. Roboti hana maneno ila ya mtu mwingine. Mtu huyo anaweza kuwa mwema, na mara nyingine ni mwema kweli. Kaspar wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, ana kimo cha mtoto mdogo na uso uliopunguzwa mikunjo makusudi, ili mtoto mwenye usonji amtazame bila kuzidiwa na mambo mengi yanayopita usoni mwa binadamu. Nina mwanafunzi ambaye hajanitazama usoni tangu aje. Siku ile alikaa chini ya roboti kuanzia mwanzo hadi mwisho, akifuata taa za macho kwa kidole. Angeletwa Kaspar kesho ningempokea mimi mwenyewe stendi. Lakini Kaspar ana watu wake, wanajulikana, wanakaa chumba kimoja na mtoto, unaweza kuwauliza.

Wale vijana wa chuo wameandika kwamba wanataka kurudi. Safari hii roboti ana shingo inayogeuka na anajua marahaba. Nimewajibu kwamba karibu sana, kwa sharti moja: anko akae mbele, meza yake kando ya roboti, laptopu ikionekana. Yule kijana wetu hakupenda. Anasema watoto watamtazama yeye, roboti atasahaulika, na onyesho lote litaharibika. Mimi nasema hatasahaulika, nilishawaona. Tumebishana kwa jumbe za simu karibu wiki nzima. Mwishowe amekubali kukaa mbele siku ya kwanza tu, akiona mambo hayaendi anarudi nyuma ya ubao. Mkuu wa shule naye amekubali, mradi wasije karibu na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi.